Kuona Kwingi si Kutambua: Mazungumzo kwa Walaji juu ya Kuchagua Kamera ya Nje ya Nyumba



Mada niliyokabidhiwa leo inahusu kamera za ulinzi zinazofungwa nje ya nyumba, na hasa zile zenye lenzi pana, ambazo sasa huuzwa kila mahali, kuanzia maduka ya Kariakoo hadi vibanda vya vifaa vya umeme katika miji midogo ya mikoani. Miaka ya nyuma kifaa cha namna hii kilikuwa mali ya benki, hoteli na ofisi kubwa. Leo hununuliwa na mwalimu, mfanyabiashara wa mazao, mstaafu anayeishi na wajukuu, na kijana aliye mbali ambaye angependa kujua hali ya nyumba ya wazazi wake. Wengi wao hununua kwa fedha walizodunduliza, na hawana wa kumwuliza isipokuwa yule yule anayewauzia.

Mtu hanunui kamera ili autazame ua wake. Hununua ili siku ya shari apate jibu la swali moja: ni nani? Aliyeruka ukuta ni nani, aliyeichukua pikipiki ni nani, aliyegonga geti saa nane za usiku ni nani. Kamera isiyoweza kujibu swali hilo huwa pambo la ukutani, na mwenye nyumba huujua upungufu wake siku ambayo amekwisha kuibiwa.

Neno linaloandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote juu ya kasha la kamera hizi ni upana. Husemwa kwamba kamera inaona nyuzi 110, au nyuzi 130, na kwamba kamera moja yatosha kwa ua mzima. Mnunuzi hupiga hesabu ya haraka: nikinunua moja pana, nimeokoa bei ya mbili. Nia yangu leo ni kuwaonyesha kwamba upana una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa sura ya mtu. Nitaeleza pia mambo mengine yanayofaa kuulizwa kabla ya kutoa fedha: usiku, mvua na chumvi, umeme, hifadhi ya picha, neno la siri, na haki ya jirani.

Upana na sura ya mtu

Picha ya kamera imeundwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli, kama mkeka ulivyosukwa kwa miyaa. Kamera ya kiwango kinachojulikana madukani kama 1080p ina pikseli 1920 kutoka kushoto hadi kulia. Idadi hiyo haiongezeki kwa sababu lenzi ni pana. Lenzi ikitazama eneo dogo, pikseli 1920 hugawanywa katika eneo dogo. Ikitazama eneo kubwa, pikseli zile zile hutawanywa katika eneo kubwa, na kila kitu hupata fungu dogo zaidi.

Iko hesabu nyepesi ambayo kila mmoja wetu anaweza kuifanya. Lenzi ya nyuzi 90 huona upana ulio mara mbili ya umbali. Mtu akisimama mita 4 kutoka kwenye kamera, upana unaoonekana hapo ni mita 8. Gawanya pikseli 1920 kwa 8, utapata pikseli 240 kwa kila mita. Akisimama mita 8, upana ni mita 16, na kila mita hupata pikseli 120. Akiwa mita 38, hubaki kama pikseli 25 tu kwa kila mita.

Je, pikseli ngapi zatosha? Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 cha mwaka 2014, ambacho mafundi wa kamera za ulinzi wamekitumia kwa miaka mingi, kinatoa vipimo vilivyo wazi. Ili kugundua tu kwamba pana mtu, zahitajika pikseli 25 kwa mita. Ili kuona mavazi yake na namna anavyotenda, zahitajika yapata 62. Ili kumtambua mtu ambaye tayari unamfahamu, zahitajika 125. Na ili kumthibitisha mtu ambaye hujapata kumwona, zahitajika 250.

Uso wa mtu mzima una upana wa kama sentimita 16. Kwa pikseli 250 kwa mita, uso huo hupewa pikseli 40, na macho, pua na kidevu huonekana. Kwa pikseli 25 kwa mita, uso ule ule hupewa pikseli 4. Hakuna fundi, wala programu ya kompyuta, awezaye kurudisha sura ya kweli kutoka katika nukta nne.

Basi tuvilinganishe. Kamera ya 1080p yenye lenzi ya nyuzi 110 hufikia kipimo cha kumthibitisha mtu asiyejulikana akiwa kama mita 2.7 tu kutoka kwenye kamera. Ya nyuzi 90 hufikia karibu mita 3.8. Ya nyuzi 60 hufikia kama mita 6.6. Kamera ya kiwango cha 4K, yenye pikseli 3840 kwa upana, huongeza umbali huo maradufu, yaani lenzi ya nyuzi 90 hufika mita 7.6. Hesabu hizi ni za makadirio, katika mwanga mzuri, kwa lenzi safi na mtu aliyetulia. Katika giza, au mtu akikimbia, umbali hupungua.

Sasa fikiria nyumba ya kawaida ya mjini yenye geti lililo mita 10 kutoka barazani. Mwenye nyumba amefunga kamera ya 1080p ya nyuzi 110 juu ya mlango wa sebule. Ua wote unaonekana kwenye simu yake, naye ameridhika. Mwizi akifungua geti, kamera itamwona. Itaonyesha saa aliyoingia, alikopitia na alichobeba. Lakini pale getini kila mita ina pikseli 67 tu, na aliyeingia atabaki kuwa mtu mmoja mwenye shati jeusi. Mwenye nyumba ataipeleka picha hiyo kituo cha polisi, na kila atakayeitazama atasema kwamba huenda ni fulani, huenda si yeye. Hatari yake si kwamba mwizi atakwepa tu. Hatari kubwa zaidi ni kwamba mtu asiye na hatia, mwenye umbo linalofanana na lile, atanyoshewa kidole mtaani kwa ushahidi wa picha isiyotosha.

Je, lenzi pana haina faida? Inayo, ikiwekwa mahali pake. Katika mitaa ambayo nyumba zimekaribiana na baraza ni la mita 3, lenzi pana ndiyo inayofaa, kwa maana lenzi nyembamba ingeacha pembe zisizoonekana ambamo mtu anaweza kujibanza. Hufaa pia kwa uangalizi wa jumla: kujua kama mifugo imetoka zizini, kama geti limeachwa wazi, kama watoto wamerudi. Lakini mwenye ua mkubwa anayetaka kutambua sura na afikirie kamera mbili: moja pana ya kutazama ua, na nyingine yenye lenzi nyembamba iliyoelekezwa mahali ambapo kila aingiaye hana budi kupita, yaani geti, mlango au ngazi. Mwenye uwezo wa kamera moja tu na aifunge karibu na mahali hapo pa kupita, hata kama sehemu nyingine ya ua haitaonekana.

Tahadhari mbili za dukani kuhusu jambo hili. Ya kwanza, uliza kama nyuzi zilizoandikwa ni za mlalo, yaani kutoka kushoto hadi kulia, au ni za kutoka pembe moja ya picha hadi pembe ya pili kwa mshazari. Wapo watengenezaji wanaoandika kipimo cha mshazari kwa sababu ni kikubwa zaidi. Nyuzi 110 za mshazari zaweza kuwa kama nyuzi 100 za mlalo. Ya pili, uliza pikseli za kihisi chenyewe. Ziko kamera ambazo kihisi chake ni kidogo, kisha programu huitanua picha ili iitwe ya 4K. Kutanua huongeza nukta, lakini hakuongezi habari.

Kama kasha halitaji nyuzi, litazame tarakimu ya milimita kwenye lenzi. Katika kamera nyingi za nyumbani, milimita 2.8 ni lenzi pana ya nyuzi 100 au zaidi, milimita 4 ni kama nyuzi 80, na milimita 6 ni nyembamba zaidi, kama nyuzi 50 hivi. Tarakimu ikikua, upana hupungua na umbali wa kutambua huongezeka.

Urefu, jua na usiku

Kamera ikifungwa juu mno, huona kofia na vichwa, nyuso zikabaki kivulini. Urefu wa mita 2.5 hadi 3 huwafaa wengi: si rahisi kuifikia kwa mkono, na bado inaona uso. Kumbuka pia kwamba chini kabisa ya kamera huwa pana mahali isipopaona.

Katika nchi yetu jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi bila kupotoka sana mwaka mzima. Kamera inayotazama moja kwa moja mashariki au magharibi itapofushwa asubuhi au jioni, na mtu atakayepita mbele yake ataonekana kama kivuli. Ikiwa huna njia nyingine, tafuta kamera yenye uwezo wa kusawazisha mwanga na kivuli, uwezo ambao madukani huandikwa kwa herufi WDR.

Usiku ndio mtihani mkubwa. Kamera nyingi huwasha taa za infraredi ambazo jicho la binadamu halioni mwanga wake, na picha huwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Taa za nanomita 850 huonyesha wekundu hafifu mtu akizitazama, nazo humulika mbali zaidi. Zile za nanomita 940 hazionekani kabisa, lakini hufika karibu. Kamera nyingine zina taa nyeupe inayowaka mtu anapokaribia, na hizo hutoa picha ya rangi, jambo linalosaidia kujua shati lilikuwa la rangi gani. Usifunge kamera ya infraredi karibu sana na ukuta mweupe au chini ya ukingo wa paa, kwa maana mwanga utarudi kwenye lenzi na picha itajaa ukungu. Buibui nao hupenda kutanda hapo, na uzi mmoja wa utando unaong'aa mbele ya lenzi waweza kuharibu picha ya usiku mzima. Kitambaa laini na dakika mbili kila juma vyatosha kuondoa tatizo hilo.

Usikubali kuichagua kamera kwa video ya matangazo iliyopigwa mchana. Mwombe muuzaji akuonyeshe picha ya kamera ile ile iliyorekodiwa usiku, na uitazame ikiwa imesimamishwa. Picha inayokwenda hulidanganya jicho. Ikisimamishwa ndipo utajua kama uso unaonekana.

Mvua, vumbi na chumvi

Kamera ya nje hupewa alama ya herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili inahusu maji: 5 ni kuhimili maji yanayorushwa kwa bomba, 6 ni kuhimili maji yanayorushwa kwa nguvu, na 7 ni kuhimili kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kwa masika yetu, na kwa vumbi la Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, chagua IP65 au IP66 kwenda juu. Hata hivyo, maji mara nyingi hupenya katika maungio ya waya, si katika mwili wa kamera. Hakikisha fundi ameyaweka maungio ndani ya kisanduku kisichopitisha maji.

Wanaoishi Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar, Lindi na Mtwara wana adui wa ziada. Alama ya IP haisemi chochote juu ya kutu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo hula skrubu na vishikizo vya chuma hafifu mpaka kamera inainama yenyewe. Uliza kama kishikizo ni cha chuma kisichoshika kutu au cha plastiki ngumu iliyotengenezwa kuhimili jua.

Umeme na hifadhi ya picha

Mwizi mzoefu huusubiri umeme ukatike. Kamera inayotegemea umeme wa ukutani peke yake hulala wakati ule ule inapohitajika. Zipo njia tatu za kujikinga: kifaa cha akiba ya umeme kinachoilisha kamera, mashine ya kurekodi na ruta kwa saa kadhaa, kamera zenye betri na paneli ya jua, au umeme unaopita katika waya wa mtandao kutoka kwenye mashine ya kurekodi, ambao hufika hadi mita 100, na hivyo chanzo kimoja cha akiba hutosha kwa kamera zote.

Kamera za betri zina tabia ambayo mnunuzi hana budi kuifahamu. Ili kuokoa chaji, nyingi husinzia na kuamka zinapohisi joto la mwili linalosogea. Kuamka huchukua muda, na mpitaji mwenye haraka anaweza kuonekana mgongo tu. Vihisi hivyo hutambua vizuri mtu anayekatiza mbele ya kamera kuliko yule anayeijia moja kwa moja. Kwa hiyo ifunge ubavuni mwa njia.

Tuje kwenye hifadhi. Kamera ya 1080p inayorekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 64 itajaa kabla ya siku ya tatu kwisha, kisha picha mpya zitaanza kufuta za zamani. Ukisafiri kwenda mazishini mkoani, ukarudi baada ya juma moja na kukuta mlango umevunjwa, huenda tukio lenyewe limekwisha kufutwa. Kurekodi pale tu panapokuwa na mwendo hurefusha muda huo sana. Nunua kadi zilizotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, kwa kuwa kadi za kawaida huchakaa upesi zikiandikwa na kufutwa kila siku.

Hifadhi ya mtandaoni ina faida kubwa moja: mwizi akiibeba kamera, picha hubaki. Lakini ile kasi niliyoitaja, ikipelekwa mtandaoni usiku na mchana, hutumia karibu gigabaiti 650 kwa mwezi. Mwenye intaneti ya bando hawezi kuimudu. Aidha, hifadhi hiyo aghalabu hulipiwa kila mwezi. Muulize muuzaji mambo matatu na ayaandike: ada ni kiasi gani kwa mwezi, ni kazi gani za kamera zitakazokoma nikiacha kulipa, na je, kamera itaendelea kurekodi kwenye kadi bila intaneti? Bei ya kamera si bei iliyobandikwa kwenye kasha. Ni bei hiyo pamoja na kadi, waya, fundi, akiba ya umeme na ada za miezi yote utakayoitumia.

Msisahau saa ya kamera. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na mahakama inapoupima hutazama namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Picha iliyoandikwa saa saba mchana ilhali nje ni giza huzaa maswali. Tukio likitokea, nakili picha siku hiyo hiyo, usiikatekate, na uihifadhi kadi yenyewe.

Mlango wa mtandao

Kamera iliyounganishwa na intaneti ni kompyuta ndogo, nayo inaweza kuvamiwa. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliingia katika kamera na mashine nyingi za kurekodi duniani kwa njia nyepesi kabisa: ilijaribu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenye vifaa hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kushambulia kampuni ya huduma za mtandao ya Marekani, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua chochote. Uingereza imekwisha kupiga marufuku, tangu tarehe 29 Aprili 2024, uuzaji wa vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye neno la siri moja kwa wote.

Kwa hiyo badilisha neno la siri kabla fundi hajaondoka, na uliweke wewe mwenyewe, si yeye. Akaunti ya kamera na iwe kwa jina lako na namba yako ya simu. Uliza pia mtengenezaji ataendelea kuisasisha programu ya kamera kwa miaka mingapi. Wala usifunge kamera ya intaneti mahali ambapo watu wa nyumbani huvua nguo, huoga au hulala.

Haki ya jirani

Nimesema kwamba upana hulipwa kwa sura ya mtu. Hulipwa pia kwa amani ya mtaa. Lenzi pana haijui mpaka wa kiwanja. Ukiifunga kwenye pembe ya ukuta, itachukua ua wako, njia ya wapitao, na uani kwa jirani anakofulia, anakopikia na anakokaa na watoto wake.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imejengwa juu ya misingi ambayo mwenye kamera yeyote atafanya vema kuifuata: kukusanya taarifa kwa lengo halali linalojulikana, kutozidisha kiasi kinachohitajika, kutozihifadhi kupita muda unaohitajika, na kuzilinda zisiangukie mikononi mwa wasiohusika. Picha ya mtu ni taarifa yake.

Mashauri ya nje hayaifungi mahakama yetu, lakini yanafundisha. Katika Jamhuri ya Czech, mtu aliyevunjiwa madirisha alifunga kamera iliyoona pia njia ya umma na mlango wa nyumba ya ng'ambo. Kamera ilisaidia kuwapata washukiwa, hata hivyo tarehe 11 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kurekodi njia ya umma hakuwezi kuitwa shughuli ya nyumbani tu, ingawa haki ya mtu kulinda mali yake nayo ni ya kuzingatiwa. Nako Oxford, Uingereza, mwezi Oktoba 2021, mahakama ilimpa ushindi jirani aliyelalamikia kamera za mwenzake. Jaji aliona kwamba hasa kunasa sauti kwa mbali kulizidi mahitaji ya ulinzi.

Funzo lake ni la vitendo. Ielekeze kamera ndani ya eneo lako. Tumia uwezo ulio katika kamera nyingi wa kuziba kwa doa jeusi sehemu ya picha usiyostahili kuiona. Zima sauti kama huihitaji. Weka kibao cha kuwaarifu wanaoingia. Zungumza na jirani kabla ya kutoboa ukuta, na mwonyeshe picha kwenye simu yako aone kwamba uani kwake hapaonekani. Na ukipata picha ya mtu unayemshuku, ipeleke polisi au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usiitupe katika makundi ya simu. Kumbukeni ile hesabu ya pikseli nne.

Dukani na baada ya dukani

Kabla ya kwenda dukani, chora nyumba yako kwenye karatasi. Pima kwa hatua umbali kutoka mahali pa kufunga kamera hadi mahali pa kupita watu. Andika pembeni: hapa nataka kujua tu kwamba kuna mtu; hapa nataka kujua ni nani. Kwa karatasi hiyo mkononi utazungumza na muuzaji kama mtu ajuaye anachotaka.

Dai risiti ya EFD, na dai dhamana ya maandishi inayotaja muda wake na kama inagharimia kifaa kipya au matengenezo tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji juu ya sifa za bidhaa. Kama umeambiwa kamera ni ya 4K nayo siyo, una haki ya kulalamika. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti. Asipokusikiliza, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani. Na kama kasoro ni ya ubora au usalama wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania.

Na kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha, fanya jaribio hili. Saa mbili za usiku, zima taa za nje. Mtume ndugu wa nyumbani afungue geti, aingie, na atembee kama mgeni. Kisha simamisha picha iliyorekodiwa, umwonyeshe mtu ambaye hajapata kumwona ndugu huyo, umwulize kama angeweza kumtambua akikutana naye kesho sokoni. Akisema ndiyo, umenunua kilicho sawa. Akisema hapana, sogeza kamera karibu zaidi na geti, au badilisha lenzi. Ni afadhali kulijua jambo hilo jioni ya amani, ukiwa na risiti mfukoni, kuliko asubuhi ya msiba.